Cowen: Aliyetengeneza tangazo la dukani, wateja wakanunua tangazo lenyewe

MTOTO wa Makoko, mjini Musoma, anaweza kukua hadi kuwa mtu mzima bila kusikia honi ya treni. Mji huo wa kando ya Ziwa Victoria haujaunganishwa kwa reli na mikoa mingine, na mpango wa reli ya Tanga, Arusha hadi Musoma umezungumzwa kwa miaka mingi. Hata hivyo watoto wa hapo, kama wenzao wa Bunda na Butiama, ni mafundi wa kutengeneza magari ya kuchezea kwa makopo na ndala zilizochakaa. Gari lililosimama halina watazamaji. Gari linalokwenda, hata kama linavutwa kwa kamba, ndilo linalokusanya watoto wa mtaa mzima.

Makoko hiyo hiyo inajulikana kwa chuo cha lugha ambacho wamisionari wa Maryknoll kutoka Marekani wamejifunzia Kiswahili kwa miongo kadhaa. Wazee wao wa mwanzo walitoka katika nchi ambayo treni ndogo ya umeme, ikizunguka chini ya mti wa Krismasi, ilikuwa ndoto ya watoto wengi wa kiume. Mtu aliyeikuza ndoto hiyo kuliko mwingine yeyote nchini humo alikuwa mfanyabiashara wa New York aliyeitwa Joshua Lionel Cowen.

Maisha ya Cowen yana mengi ya kumfaa mkulima na mfanyabiashara mdogo. Hakuanza akiwa na nia ya kuuza treni. Mteja ndiye aliyemwonyesha kuwa treni inauzika. Na miaka mingi baadaye, wakati kampuni yake ilipoacha kumtazama mteja, biashara ilimtoka mikononi angali hai.

Mtoto wa fundi kofia

Cowen alizaliwa Agosti 25, 1877 jijini New York, akiwa mtoto wa nane kati ya tisa wa familia ya Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Ulaya Mashariki. Baba yake alijishughulisha na kutengeneza kofia. Jina la ukoo lilikuwa Cohen. Yeye alilibadili na kuliandika Cowen alipokuwa tayari mtu mzima mwenye biashara.

Inasimuliwa kuwa akiwa na umri wa miaka saba alichonga treni ya mbao na kujaribu kuifunga injini ndogo ya mvuke. Injini ililipuka na kuharibu ukuta wa jikoni kwa mama yake. Shule haikumkamata sana. Alijiunga na vyuo vya jijini humo, kikiwamo Columbia, lakini hakumaliza. Alichopenda ni mikono yake kushika waya, betri na vyuma, na akapata kazi katika kampuni iliyokuwa ikitengeneza taa za umeme.

Mwaka 1899, akiwa na miaka 22, alipata hataza yake ya kwanza, yaani hati ya serikali ya kulinda ubunifu. Ilikuwa ya kifaa cha kuwashia unga wa mwanga uliotumiwa na wapiga picha wa wakati huo. Jeshi la Majini la Marekani liliona kuwa utaalamu huo unaweza kuwasha kitu kingine. Likampa kazi ya kutengeneza viwashio 24,000 vya mabomu ya kutegwa baharini, kwa malipo ya dola 12,000. Kwa kijana wa umri ule, huo ulikuwa mtaji mkubwa.

Hakuutumia kwa starehe. Septemba 1900 yeye na mwenzake, Harry Grant, walifungua kampuni ndogo katika jengo la mtaa wa Murray, New York. Waliipa jina la kati la Cowen: Lionel.

Kisanduku kwenye dirisha la duka

Kampuni ilikuwepo, lakini bidhaa ya kuuza haikuwepo. Walijaribu feni ndogo ya umeme ambayo, kwa simulizi za wakati huo, mota yake ilizunguka vizuri lakini upepo wake ulikuwa hafifu. Mfanyabiashara mwingine angekata tamaa. Cowen alibaki akiitazama mota.

Siku moja alipita mbele ya duka la vitu vya watoto katika mtaa wa Cortlandt, akaona dirisha limejaa bidhaa zilizokaa kimya. Aliona kuwa kitu chenye mwendo kingewasimamisha wapita njia. Akarudi karakana, akachukua kisanduku cha mbao kisicho na paa, akakifunga magurudumu na mota ile ya feni, na kukiweka juu ya reli ya mviringo inayopata umeme wa betri. Kazi ya kisanduku hicho ilikuwa kubeba bidhaa nyingine na kuzizungusha dirishani ili zionekane. Mwenye duka, Robert Ingersoll, alikinunua kwa dola 4.

Haukupita muda, Ingersoll akarudi kwa Cowen akitaka vingine. Mteja alikuwa ameingia dukani na kuziacha bidhaa zilizobebwa. Alichotaka kununua ni kile kisanduku kinachokwenda. Wengine nao walikuwa wakiulizia. Hapo Cowen akatambua kuwa alichotengeneza kama tangazo ndicho kilichokuwa bidhaa.

Tukio hilo dogo la mwaka 1901 hivi ndilo lililoamua maisha yake. Mwaka 1902 kampuni ilitoa orodha yake ya kwanza ya bidhaa yenye picha na bei. Kutoka kisanduku kitupu, Lionel ikaanza kutengeneza magari ya abiria ya mjini yaendayo kwa reli, kisha treni kamili zenye injini na mabehewa.

Reli moja, mabehewa mengi

Mwaka 1906 Cowen alifanya uamuzi wa kiufundi ambao ulikuwa pia uamuzi wa kibiashara. Reli zake mpya zilikuwa na vyuma vitatu badala ya viwili. Chuma cha kati kilileta umeme, na viwili vya pembeni viliurudisha. Kwa mpango huo mtoto aliweza kuipinda reli, kuikatiza na kuirudisha mahali ilipoanzia bila nyaya kugusana na kuzima kila kitu. Aidha transfoma ilianza kutumika mahali pa betri, ikipunguza nguvu ya umeme wa nyumbani hadi kiwango cha kuendesha treni ya kuchezea.

Upana wa reli hizo ulikuwa kama milimita 54, tofauti na wa watengenezaji wengine. Cowen aliuita upana wa kawaida, ingawa wakati ule ulikuwa wa kwake peke yake. Mzazi akishanunua reli za Lionel, mabehewa ya kampuni nyingine hayakukaa vizuri juu yake. Hivyo Krismasi ya kwanza alinunua treni na reli, ya pili akaongeza behewa la mafuta, ya tatu daraja, ya nne stesheni yenye taa. Mteja mmoja alikuwa mteja wa miaka kumi.

Katika kushindana hakuwa mtu mpole. Orodha zake za bidhaa zilionyesha picha za treni za washindani zikiwa zimepinda na kufunguka viungo, pembeni mwa za Lionel zilizo imara. Kampuni ya Ives, iliyoanza mwaka 1868 na kuheshimika sana, ilifilisika mwaka 1928 na baadaye ikaangukia mikononi mwa Lionel.

Wakati huo huo alijua anayemuuzia. Mtoto ndiye aliyetamani, lakini baba ndiye aliyekuwa na pesa. Ndiyo maana matangazo yake yaliwaonyesha baba na mwana wamepiga magoti pamoja sakafuni. Picha ya mwanawe mwenyewe, Lawrence, aliyezaliwa mwaka 1907, ilitumika katika matangazo na maboksi ya treni kama sura ya mtoto mwenye furaha.

Msimu mmoja wa kuuza

Mkulima wa pamba au mahindi atauelewa vizuri ugumu wa biashara hii. Kiwanda kililipa wafanyakazi na kununua vyuma mwaka mzima, lakini mauzo makubwa yalikuja katika miezi michache kabla ya Krismasi. Msimu mmoja ukiharibika, madeni hayasubiri msimu mwingine.

Ndivyo ilivyotokea uchumi wa dunia ulipoanguka kuanzia mwaka 1929. Familia zilizokosa mkate hazikununua treni. Mei 1934 Lionel, iliyokuwa kubwa kuliko washindani wake, iliwekwa chini ya msimamizi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni.

Mwaka huo kampuni ilipata kibali cha kutumia vikaragosi vya Walt Disney, ikatengeneza kitoroli cha reli kinachosukumwa na Mickey Mouse na mwenzake Minnie. Hakikuhitaji umeme, kilijazwa kwa ufunguo kama saa. Bei yake ilikuwa dola 1. Kufikia Krismasi vilikuwa vimeuzwa 253,000, na maombi mengine yakakosa mzigo.

Magazeti yalisema panya ameiokoa Lionel. Hesabu inaonyesha kuwa si panya peke yake. Faida ya bidhaa ya dola 1 ni ndogo, na katika msimu huo huo treni mpya ya umeme iliyoiga treni ya kisasa ya kampuni ya Union Pacific nayo iliuzika vizuri. Kilicho wazi ni kuwa Cowen aliteremka hadi kwenye uwezo wa mnunuzi wa wakati wa dhiki, bila kuwaacha wale wachache waliobaki na pesa. Mapema mwaka 1935 kampuni ilirudishwa kwa wenyewe, na mwaka 1937 ikauza hisa kwa umma.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilileta pigo jingine. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilizuia utengenezaji wa treni za kuchezea ili chuma kiende jeshini. Kiwanda kikageukia dira na vifaa vya kuongozea meli. Ili jina lisisahaulike, mwaka 1943 Lionel iliuza treni ya karatasi ngumu ambayo mnunuzi aliikunja na kuiunganisha mwenyewe. Ilikuwa kazi ngumu na watoto wengi waliishia kukasirika, lakini jina Lionel lilibaki madukani.

Treni yaingia kwenye televisheni

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Lawrence akawa rais wa kampuni na baba yake akabaki mwenyekiti. Miaka iliyofuata ilikuwa ya neema. Injini zilianza kutoa moshi. Mwaka 1947 likaja behewa la maziwa ambalo mlango wake ulifunguka na mtu mdogo akashusha makopo ya maziwa jukwaani. Mwaka 1949 likafuata behewa la mifugo ambalo ng'ombe wadogo waliingia na kutoka.

Vitu hivyo vilihitaji kuonekana vikifanya kazi, kama kile kisanduku cha mwaka 1901. Lionel ilihimiza maduka yaweke meza pana zenye reli zilizopangwa tayari, pamoja na milima, madaraja, nyumba na taa. Ofisini kwake New York kulikuwa na ukumbi wenye mpangilio mkubwa wa aina hiyo, na wanunuzi walikwenda kuutazama. Meza hizo ndizo zilizokuwa wauzaji wake wakuu.

Kisha ikaja televisheni, na kwa Cowen ilikuwa dirisha la duka linaloingia sebuleni kwa mtu. Oktoba 1948 kituo cha ABC kilianza kurusha kipindi cha Tales of the Red Caboose, kilichodhaminiwa na Lionel. Kilionyesha filamu za treni ndogo zikikimbia kwenye mipangilio ya mezani. Kilimalizika Januari 1949, maana yake kilifunika msimu wa Krismasi sawasawa. Mwaka 1950 Joe DiMaggio, mchezaji mashuhuri wa besiboli, aliongoza kipindi cha watoto kwenye kituo cha NBC kilichobeba jina la Lionel. Mshindani wake, A. C. Gilbert, aliyeuza treni za American Flyer, naye alizipeleka treni zake kwenye televisheni kwa filamu fupi zilizoitwa Boys' Railroad Club.

Mavuno yalionekana. Mwaka 1953 mauzo ya Lionel yalipita dola milioni 32, kiwango kikubwa kuliko vyote katika maisha ya Cowen, aliyekuwa amefikisha miaka 76.

Mteja amehama

Lakini chombo kilicholeta wateja ndicho kilichoanza kuwaondoa. Mwaka 1950 nyumba zenye televisheni Marekani zilikuwa takriban asilimia 9. Mwaka 1960 zilikuwa takriban asilimia 87. Mtoto aliyekuwa akikaa sakafuni na treni sasa alikaa mbele ya kioo, na kioo kilimwonyesha maroketi, ndege na magari ya mbio. Nje ya nyumba, treni kubwa zenyewe zilikuwa zikipoteza abiria kwa barabara na ndege. Mtoto ambaye hajawahi kusafiri kwa treni na baba yake hakuona sababu ya kuitamani iliyo ndogo.

Waliobaki wakipenda treni walianza kutaka zilizofanana zaidi na za kweli, zenye reli ya vyuma viwili na umbo dogo linaloenea katika chumba kidogo. Lionel iling'ang'ania vyuma vyake vitatu kwa muda mrefu. Ubunifu uliomtajirisha mwaka 1906 ulikuwa umegeuka mzigo.

Kampuni ilijaribu kukimbiza soko jipya, lakini safari hii bila kusubiri kusikia kutoka dirishani. Mwaka 1957 ilitoa treni ya wasichana yenye injini ya rangi ya waridi na mabehewa ya rangi laini. Wasichana waliopenda treni walitaka treni inayofanana na treni. Nyingi zilibaki kwenye rafu, na uchache wa zilizonunuliwa ndio unaozifanya zitafutwe kwa bei kubwa na wakusanyaji hivi leo. Mwaka 1958 kampuni ilipata hasara.

Mwaka 1959 Cowen, akiwa na miaka 82, yeye na binti yake Isabel waliuza hisa zao 55,000 kwa kundi lililoongozwa na mwanasheria Roy Cohn, mjukuu wa ndugu yake. Lawrence, mtoto ambaye sura yake ilikuwa kwenye maboksi ya treni, naye akaondoka. Cohn alikuwa maarufu kwa siasa na mahakama kuliko kwa viwanda, na kabla ya mwaka 1963 kwisha naye alikuwa nje, akiacha kampuni dhaifu.

Mwaka 1964 kituo cha ABC, kile kile kilichorusha Tales of the Red Caboose, kilianza kurusha mchezo wa kuchekesha wa The Addams Family. Baba wa familia hiyo, Gomez, alikuwa na mpangilio wa treni nyumbani, na furaha yake kubwa ilikuwa kuzigonganisha na kuzilipua. Watazamaji walicheka. Katika vipindi vya mwaka 1948 na 1950 treni zilikuwa za watoto. Miaka 14 baadaye aliyekuwa akicheza nazo ni mtu mzima mwenye masharubu. Aliyetaka kujua soko limekwenda wapi angeweza kulisoma hapo.

Joshua Lionel Cowen alifariki dunia Septemba 8, 1965 huko Palm Beach, Florida, akiwa na miaka 88. Mwaka 1969 haki ya kutengeneza treni kwa jina la Lionel ilikodishwa kwa kampuni ya vyakula ya General Mills. Jina hilo lipo hadi leo chini ya wamiliki wengine, na wanunuzi wake wakubwa ni watu wazima wanaokusanya, wengine wakitafuta treni ile ile waliyoitamani utotoni.

Daftari la walioulizia

Televisheni ilifika Kenya mwaka 1962, Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Tanzania Bara mwaka 1994, hivyo wasomaji wengi hawakuviona vipindi hivyo vya zamani. Lakini biashara ya Cowen haina ugeni kwao. Muuza nyanya anayepanga mafungu yake vizuri, na muuza dagaa anayeweka mbele wale waliokaushwa juu ya chanja badala ya mchangani, wanafanya alichofanya yeye mtaa wa Cortlandt. Bidhaa inayoonekana ikiwa katika ubora wake hujiuza.

Sehemu ngumu ni ya pili. Wafanyabiashara wengi huandika walichouza, na wachache huandika kilichoulizwa wakakikosa. Mtu akija mara tatu kuulizia kikapu ulichobebea samaki badala ya samaki, huenda amekuletea biashara. Daftari la shilingi chache, lenye ukurasa wa walioulizia na ukurasa wa walioacha kuja, lingemwonyesha mwenye kibanda cha Makoko kile ambacho Cowen alikiona mwaka 1901, na ambacho kampuni yake, ikiwa na mauzo ya mamilioni ya dola, ilichelewa kukiona nusu karne baadaye.